Baiskeli ya Mkunga

Fundi lifti aliikuta baiskeli ya mbio imeegemea ukuta wa stoo nyumbani kwa mkunga mstaafu, mnyororo umeganda kwa kutu na tairi zote mbili zimelala. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hii haikufanya lolote kati ya hayo. Alikuwa ameona tangazo lake mlangoni mwa duka la dawa, na bei yake ilikuwa ya jozi ya viatu vya mtumba.

"Ina ugonjwa gani, mama?" aliuliza.

"Haina ugonjwa. Haiendi tu mahali ambapo anayeipanda hasubiriwi. Mimi miaka thelathini nilikuwa naitwa kuzalisha, na mtoto haambiwi ngoja, basi ilikuwa inakimbia kama ina wazimu. Nilipostaafu ikanigomea hata kwenda sokoni. Nikaona bora imfae mtu mwenye watu wake."

Fundi lifti alijiona ni mtu mwenye watu. Alikuwa na binti. Akalipa, akaibeba begani.

Matengenezo yalichukua wiki mbili. Aliyafanya jikoni, kwa kuwa hapakuwa na wa kumkataza. Alilowesha mnyororo kwenye mafuta ya taa, akasugua fremu kwa msasa mpaka rangi tatu zikatoka na ya nne, ya bluu, ikabaki. Alibadilisha gololi, kisha akakaza spoku mojamoja huku akizungusha gurudumu na kulisikiliza. Alitaka kwenda nayo kwa binti yake Jumapili. Waliishi umbali wa kilomita nane, wakionana mara moja kwa mwaka, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyowahi kumwambia mtu.

Ijumaa alipigiwa simu: watu watano wamekwama ndani ya lifti, kati ya ghorofa ya sita na ya saba. Baiskeli ilimfikisha kabla hajatoa jasho. Aliyekwama kwenye lifti humsubiri fundi kuliko mchumba. Kazi ilipokwisha alipanda ili arudi nyumbani, na baiskeli ikasimama tuli. Akiikokota, magurudumu yanazunguka vizuri, akiipanda, yanagoma. Akaikokota mpaka kwake, akafungua mlango, akajipikia. Hakushangaa. Mkunga alikuwa ameshamweleza.

Jumapili asubuhi alimpigia binti yake.

"Nakuja leo."

"Karibu, baba."

Alivaa shati lililopigwa pasi, akapanda, akakanyaga pedali. Haikusogea hata shubiri moja. Alikagua breki, ingawa alijua hazina kosa, kisha akaanza kukokota.

"Imeharibika?" binti aliuliza mlangoni.

Akamweleza yote. Binti alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu asiyependa kukatiza maelezo. Alisikiliza mpaka mwisho, akamsogezea kikombe cha chai.

"Basi inasema kweli," alisema. "Kila jioni nilikuwa nakaa dirishani nakusubiri, na wewe uko kwenye lifti za watu. Mama alikuwa ananiambia subira huvuta heri. Haikuvuta hata hilo gari lako. Nilipofika miaka kumi na mitatu nikaacha."

Miaka ile kampuni ilikuwa imempa gari, jipya, lenye redio. Kulikuwa na mtu wa kumsubiri kila jioni ya Mungu, na yeye hakuhitaji baiskeli. Wanasema majuto ni mjukuu. Mjukuu hakuwa naye bado, majuto yalitangulia. Alitamani kulia, akanywa chai.

"Huwezi kujaribu tena, mwanangu?"

"Nitajaribu, baba," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeombwa asaidie kuhamisha kabati.

Jumapili iliyofuata alikuwa amekokota nusu saa aliposikia usukani unamvuta mikono. Alirukia kiti. Baiskeli ikaondoka naye, ikapita kiwanda cha mbao, ikapita kituo cha mafuta, upepo ukimpiga usoni, naye akacheka kwa sauti peke yake barabarani, mzee mzima. Mbele ya duka la vioo ikasimama. Alingoja kidogo juu ya kiti, mguu mmoja chini. Halafu akashuka, akakokota kilomita tano zilizobaki.

"Saa nne na robo ulikuwa unafanya nini?" aliuliza alipofika, kabla hata ya kuitikia shikamoo.

Binti alifikiri.

"Nilikuwa naosha vyombo. Nikakumbuka kwamba unakuja." Alichukua kitambaa, akakiangalia, akakirudisha mahali pake. "Halafu nikakumbuka na mengine."