Mkono wa Kushoto wa Ombui

Mpumbavu wa siku ile alikuwa Ombui, na yeye mwenyewe hakatai.

Ilikuwa mwaka wa sabini na tatu. Diwani Manasseh alikuja sokoni Ikonge kuuliza watu kama kaunsili ikaushe kinamasi cha chini ya mlima, ipande mikaratusi ya kuni za kiwanda cha chai. Manasseh na Ombui walitahiriwa msimu mmoja, na nani humwaibisha rika lake hadharani? Basi diwani alipoita wanaokubali, Ombui aliinua mikono yote miwili juu, kama mtu aliyeelekezewa bunduki. Watu wakacheka. Karani hakucheka, yeye alihesabu mikono. Arobaini na mmoja kwa arobaini.

"Ule wa kushoto ulikuwa mzaha tu," Ombui alimwambia mkewe jioni.

"Basi tumetawaliwa na mzaha," Esnah akasema, akamsogezea ugali bila kumtazama.

Kwenye kinamasi hicho walikaa korongo wawili wenye taji, na kabla yao wazazi wao, tangu baba yake Ombui hajang'oa kisiki cha kwanza. Wakilia mvua ikikaribia, wanawake wa mlima mzima huandaa mbegu za wimbi. Hakuna aliyewatupia jiwe, hata watoto watundu.

Mwaka uliofuata vibarua wa kaunsili wakaja na majembe. Walichimba mitaro nusu ya kinamasi, maji yakakimbia. Asubuhi moja Ombui aliteremka kunywesha ng'ombe, akakuta kiota cha mafunjo kimekatwa katikati na mtaro. Yai moja lilikuwa limepasuka. La pili lilikuwa limekanyagwa na gambuti, alama ya soli ingali kwenye tope. Korongo dume alisimama kando, mguu mmoja juu, hakuruka hata Ombui alipomkaribia.

Ombui alitamani kumpiga mtu, na wa kwanza kustahili alikuwa yeye. Akawaacha ng'ombe na kiu yao, akapanda mlima akitukana njia nzima.

Tangu siku hiyo hakukalika naye. Jumamosi alisimama nje ya kanisa la Wasabato, Jumapili nje ya lile la Wakatoliki, akisema yale yale: nusu ya kinamasi bado ni nzima, mitaro ifukiwe, na mwaka huu diwani anataka kura. Waliomcheka kwa ajili ya ile mikono yake miwili aliwaambia wacheke haraka, wamalize, kisha wasikilize.

Manasseh akarudi Ikonge na karani wake kuomba nusu iliyobaki. Ombui hakungoja aitwe.

"Rika langu," Manasseh akatabasamu, "si wewe ndiye uliyeanza mambo haya?"

"Mimi nilianza kwa ujinga. Wewe unaendelea na akili zako timamu. Nani mbaya hapo?"

"Mikaratusi ni maendeleo, ndugu yangu."

"Mikaratusi inakunywa chemchemi kama mlevi wa harusini. Njoo uone mitaro ilivyotangulia. Kaunsili ndiyo yenye kinamasi, nasi ndio wenye kaunsili. Siku ya uchaguzi tutatumbukiza kura sandukuni, na huko hutaona mkono wa mtu."

Tabasamu likamwisha diwani. "Mimi nawaletea barabara, nyinyi mnaniletea ndege. Korongo halipi kodi. Hana kadi ya chama. Hajawahi kumpigia mtu kura."

Wachache wakacheka. Karani akafungua daftari, akaita kwanza wanaokataa, wale wanaotaka hata mitaro ya zamani ifukiwe. Mikono ikapanda, mingi, mingine ya watu waliocheka sasa hivi. Ombui aliinua wa kulia peke yake, wa kushoto ameubana kwapani, amejifunza. Esnah akatoka katikati ya wanawake, akauchomoa huo wa kushoto, akaunyanyua mwenyewe.

"Mama Nyamoita," Manasseh akamkemea, "mtu mmoja, mkono mmoja."

"Mwaka jana ulimhesabu mara mbili, Bwana Diwani, na hukuuliza," Esnah akasema. "Wa kulia ni wake. Huu ni wa korongo."