Usukani Usiosikia

Mama mkwe alikuwa ameshapanda na kufunga mlango, mkoba wa vyeti vya hospitali mapajani, wakati mkwewe aliposimama mbele ya pikapu na kulizuia gari lisiondoke.

"Zima kwanza," alimwambia mumewe.

"Mke wangu, saa mbili na nusu hii. Daktari wa macho hamngojei mtu."

"Jana nililiendesha mimi. Unazungusha usukani, magurudumu yanafikiria kwanza ndipo yanageuka. Darajani nusura nigonge kingo. Mama hapandi mlima ule wa hospitali na gari hili."

Mwanamke huyo alikuwa fundi wa kuchomelea. Mageti na madirisha ya nusu ya mtaa yalipita mikononi mwake, na pikapu ile kuukuu ndiyo iliyoyabeba mwaka nenda mwaka rudi. Lakini kwa miezi miwili sasa ilikuwa inatangatanga. Barabara imenyooka, yenyewe inayumba kama mlevi anayetafuta kwao. Kaka wa mumewe, fundi magari ambaye watu wote walimwita Spana, alibadilisha tairodi, zile fimbo za kugeuza magurudumu, akabadilisha boljointi, viungo vyake, akapima na magurudumu. Kila mara alifuta mikono akasema limepona. Kila mara ugonjwa ulirudi.

Spana mwenyewe alikuwa papo hapo, amekuja kumsindikiza mama yake.

"Shemeji," alisema, akitabasamu kwa meno tu, "ufundi wa magari umeanza lini?"

"Sijaanza, shemeji. Nataka kutazama tu."

"Nimetazama mimi, mara tatu. Nimelipiga jeki, nimetikisa kila kiungo. Hakuna kinachocheza. Gari ni zee, basi. Hata mimi magoti yanacheza."

Hakuna aliyecheka. Mume alimtazama kaka, akamtazama mke, kama mtu anayevutwa mikono yote miwili.

"Ulitazama likiwa limeinuliwa," mke alisema polepole. "Gurudumu likining'inia halibebi kitu. Mimi nataka nione likiwa chini na uzito wake wote, huku mtu anazungusha usukani."

"Haya, tazama. Ukikosa, utaniomba radhi mbele ya mama."

"Nitaomba."

Mawe yaliwekwa mbele na nyuma ya magurudumu, breki ya mkono ikavutwa, na mume, akiwa kwenye usukani, akawasha tena injini. Mkewe akatandika gunia, akaingia chini na tochi.

"Kushoto kidogo! Sasa kulia!"

Alipitisha kiganja kiungo kwa kiungo. Tairodi zimekaza. Boljointi zimekaza. Kila kitu kilikwenda kwa pamoja, vile vile alivyosema shemeji yake. Jasho jembamba lilimtiririka hadi masikioni. Pembeni aliona kiatu cha Spana kikigonga gonga ardhi. Juu, mama mkwe alisema, "Wanangu, muda unakwenda." Kwa mara ya kwanza mkwewe akaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi.

"Tena," alisema. "Kushoto, kulia, usiache."

Safari hii aliviacha viungo, akamulika boksi la usukani lenyewe, lile lililofungwa kwa bolti kwenye chasisi, ambalo halipaswi kusogea hata chembe. Likasogea. Likasogea upana wa kidole kabla fimbo yoyote haijakwenda popote.

Akashika bolti. Zote zilikuwa zimekaza. Alichukua bisibisi, akakwangua grisi na tope kandokando ya tundu la bolti, na chini yake ukatokea mstari mwekundu wa kutu.

"Kulia!"

Mstari ule ukafunguka kama mdomo. Ukapenya mwanga wa mchana katikati ya chuma.

"Acha! Zima! Usiguse usukani!"

Ukelele ule ulimfanya mama mkwe ateremke bila kushikwa mkono.

Spana alitambaa chini, akakaa huko muda mrefu. Sauti yake ilipotoka haikuwa ile ya mwanzo. "Bolti hizi nilizikuta zimelegea mara mbili. Nikazikaza. Sikujiuliza zinalegezwa na nini." Alipoinuka hakumtazama mtu. "Lakini shemeji, mashine yako ile pale. Piga moto juu juu, dakika kumi tu, mama awahi. Tukirudi tutafanya kazi yenyewe."

"Kweli, dakika kumi?" mume aliuliza, kwa sauti ya kuomba.

Mkewe alitamani kusema ndiyo. Ingewaondolea wote aibu. "Hapana. Nikichomelea juu ya grisi na kutu nitakuwa nimeufunika ufa tu, na utafunguka huko mlimani. Boksi litoke, chuma kisagwe mpaka king'ae, ncha ya ufa itobolewe usiendelee, kisha juu liende bamba. Ni kazi ya kutwa. Mimi sichomelei kitu cha kumuua mtu."

Mume akachomoa ufunguo, akamtia mkewe mkononi. "Mama, nakuitia teksi."

Mama mkwe alimgeukia Spana. "Mwanangu, mimi ndiye mwenye macho mabovu. Wewe je?"

Bolti ya mwisho ya boksi ilipotoka, teksi ikiwa imeshaondoka na mama, kipande cha chasisi kilikuja nayo, kikamwangukia Spana kiganjani. Mume alikaa chini palepale. Jumamosi alikuwa amewabeba binti zake wawili ndani ya gari hilo, tena akilikimbiza.

Spana alikigeuza geuza kipande kile. Chuma kilipokwisha kusagwa, akaliinua bamba jipya, akaliegemeza mahali pake.

"Nishike wapi, shemeji?"

"Hapo. Kaza. Na ugeuze uso."

Kesho yake asubuhi Spana ndiye aliyelijaribu gari, mlimani hadi juu na kurudi. Aliteremka, akaufunga mlango taratibu.

"Linasikia," alisema. Kisha, akikuna kichwa, "Ila zile tairodi zilikuwa mbovu kweli."

"Zilikuwa mbovu, shemeji," alimkubalia, akaenda kuwasha mashine yake.