Amana ya Nyumba ya Mbele

Tangu alfajiri fundi seremala alikuwa hajakalisha makalio. Alitoka chumba cha nyuma, akazunguka uani, akafika mlango wa nyumba ya mbele, akashika kitasa, akakiachia, akarudi. Chai ilipoa, akaipasha, ikapoa tena.

Siku hiyo ilikuwa lazima nyumba ya mbele ipate mtu. Mkewe alipofariki mwaka juzi, alihamia chumba cha nyuma walichokuwa wakiwekea mbao, na nyumba ikabaki imefungwa, inakula vumbi. Kiinua mgongo chake? Wenye ofisi zao walimwambia njoo kesho mpaka hizo kesho zikaota mvi. Bintiye, aliyekuwa akiishi mji mwingine, alichoka kumtumia hela ya kula, akamwandikisha kwenye kampuni ya kupangisha kwa simu.

"Baba, mpangaji hatoi amana. Asipolipa kodi, kampuni inakulipa. Wewe unakaa tu."

"Nikae tu? Nimekuwa sanamu?"

Kodi aliitaka, tena sana. Kilichomnyima raha ni kabati la jikoni. Alilitengeneza mwaka waliooana, humo humo jikoni, ukuta kwa ukuta, na urefu wa rafu akaupima kwa mkono wa mkewe, mwanamke kasimama peku sakafuni anacheka anaambiwa ajinyooshe. Halikuwa na mlango wa kupita likiwa zima. Atakayepewa nyumba, kapewa na kabati.

Wageni walifika kwa pamoja, kama waliopangana. Kwanza shemeji yake, dalali aliyepachikwa jina la Mguu Ndani, maana ukimfungulia kidogo tu keshaingia. Alikuja na fundi simu anayetafuta nyumba. Nyuma yao akaja dada wa kampuni, kakumbatia tableti.

"Shemeji, mimi nimekuletea mtu, si picha ya mtu," alisema Mguu Ndani, akimtupia yule dada jicho la pembeni. "Anatoa amana ya miezi mitatu, taslimu, leo leo. Tunaandika mkataba, mwenyekiti wa mtaa anagonga muhuri, kazi imekwisha."

"Na huo muhuri anaugonga kwa bei gani?"

"Ya soda tu."

"Huyo mtu ana kiu! Bomba la mtaa limekufa tangu achaguliwe, yeye anakunywa soda."

"Shikamoo, mzee," dada wa kampuni akaingilia. "Tatizo la amana ni kwamba wenye nyumba wengi wanaila. Siku mpangaji anahama, vita. Kwetu hushiki hela ya mtu. Tunakata kidogo kwenye kodi kila mwezi, na sisi ndio tunamdhamini mpangaji."

"Marahaba. Mpangaji nitamchagua mimi?"

"Mfumo unamchagua. Unaangalia kipato chake, madeni yake."

"Unaangalia na anavyofunga mlango?"

Dada akacheka kidogo. "Hapana, mzee. Hilo hauoni."

"Na mimi nikitaka kuingia kutazama?"

"Unaomba kwenye simu. Akikubali, unaingia."

"Nyumba yangu mwenyewe!"

"Umesikia!" Mguu Ndani akaruka. "Kwa mkataba wangu unapiga hodi tu, unaingia, unakaribishwa na chai."

Fundi seremala akafungua mlango kabla hajaghairi. Vumbi likawapokea. Waliingia mpaka jikoni, na fundi simu akaligonga kabati kwa vidole, ko ko ko, kama anayejaribu tikiti maji.

"Mbao ya kweli hii," alisema. "Sema hapa nitalipunguza. Nikate hizi rafu mbili, nipate pa kuweka meza ya kazi na kupitisha waya."

"Ukate?"

"Kwani si amana ipo, mzee? Ukiona nimeharibu, chukua humo."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anayeomba chumvi. Ndipo fundi seremala akaona jinsi amana inavyofanya kazi: ni ruhusa iliyolipiwa mapema. Akamgeukia dada wa kampuni.

"Na wa kwako akilikata?"

"Tunafidia, mzee. Ngoja niliingize." Akapiga picha, akauliza kabati lina umri gani, akaambiwa miaka thelathini na moja. Akabonyeza, akangoja, uso ukambadilika. "Mzee... mfumo unasema thamani yake ni sifuri. Kwa ajili ya uchakavu."

"Sifuri."

"Ni mfumo, si mimi."

"Siku zote si nyinyi," alisema fundi, na sauti ikaanza kumpanda. "Hata yule wa dirishani hospitali hakuwa yeye, ulikuwa utaratibu. Lete amana kwanza ndipo mgonjwa apate kitanda. Mke wangu kalazwa kwenye benchi la kungojea, mimi nahaha mjini kama mwizi natafuta amana. Narudi nayo mkononi, wameshamfunika. Na aliyeandika utaratibu huo hajawahi kuonekana na mtu!"

Mguu Ndani akatazama viatu vyake. Marehemu alikuwa dada yake, wa tumbo moja.

Fundi akatoka. Walimwona dirishani akikatiza uani, akiingia chumba cha nyuma, akitoka, akiingia tena. Humo ndani alitazama kitanda, msumari wa koti, sakafu yenye ufa. Hapakuwa na kitu ambacho kikikatwa kingemuuma. Aliporudi alikuwa anahema.

"Nyumba hii haipangishwi. Nahamia mimi."

"Shemeji, umechanganyikiwa? Utakula nini?"

"Kitapangishwa chumba cha nyuma." Akamwambia dada wa kampuni, "Kapige picha kile. Watoboe, wapake rangi ya kichaa, shauri yao. Lakini kwangu mtu asidaiwe amana." Kisha akamtazama fundi simu. "Nawe ukikitaka, jiandikishe kwa huyu dada. Miezi mitatu yako kanunulie meza."

"Na mimi je?" aliuliza Mguu Ndani. "Nimekuja kwa miguu yangu, jua lote hili, niondoke mikono mitupu?"

"Mitupu haiwi. Wewe shika kitanda upande wa kichwani."

Wakakibeba, dalali akilalamika kuhusu mgongo wake, kuhusu watu wasiojua biashara, kuhusu dada yake aliyekubali kuolewa na mbishi. Walipofika kizingiti cha nyumba ya mbele, simu ikaita mfukoni mwa fundi. Alijua ni bintiye, na alijua atakachosema kuhusu kodi ya chumba kimoja.

"Tupumzike, shemeji, upokee simu," alisema Mguu Ndani, akiinama.

"Usikiweke chini!" Fundi aliiacha simu iite. "Kisukume tu. Tukikiweka chini sitaingia."