Kugonga Busta

Jumamosi tarehe 12 Agosti mwaka 2000, saa nne asubuhi, mume wangu Nashon aliondoka nyumbani kwetu Kitengela ndani ya lori la maji. Tulimlaza kwenye kiti cha mbele, tukamfunika shuka iliyoloweshwa, na dereva akang'oa mpira wa maji na kukimbia naye hospitali. Vali ya lori haikufungwa sawasawa. Maji yalimwagika njia nzima hadi kwenye lami, na katika ukame ule hakuna jirani aliyetoka na mtungi. Nashon alifariki Jumatano.

Naandika mambo haya kwa mpangilio ili watoto wangu, Sheryl na Melvin, wayapate yalivyokuwa.

Tulipojenga mwaka 1997, Nashon alitaka busta ya kuni, ya kuchemshia maji ya kuoga. Fundi Lazarus alitutengenezea: pipa nene la chuma nyuma ya jikoni, moto chini, bomba la moshi likipita katikati. Maji baridi yalishuka kutoka kwenye tangi la juu, ya moto yakaenda bafuni. Nashon aliipenda kama watu wapendavyo gari. Alipasua kuni za mgunga mwenyewe, akazoa majivu kila Jumapili, na alikuwa na sheria moja.

"Kabla ya kuwasha kiberiti, fungua mfereji wa maji ya moto bafuni. Maji yakitoka, washa. Yasipotoka, ondoka hapo."

Busta isiyo na maji ni chuma kitupu juu ya moto. Maji baridi yakiikuta imekuwa nyekundu, yanageuka mvuke papo hapo na kuipasua.

Ukame ulipokaza, tulinunua maji ya lori mara moja kwa wiki. Kufungua mfereji ili kuona tu kama maji yapo kuliniuma. Nilikuwa nimegundua kwamba ukiigonga busta kwa chuma cha kuchochea moto, iliyojaa inasema "du", na tupu inalia kama kengele ya shule. Nikaacha mfereji, nikaanza kugonga. Nashon alinicheka. Siku moja alisimama mbele ya busta, akaigonga kwa kidole na kuita, "Hodi! Wenyewe mko?" Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Lakini hakunikataza.

Nilimfundisha pia Mama Tajeu. Jina lake ni Rachel, mama wa watoto wanne kutoka Mashuuru, aliyetusaidia kazi za nyumbani. Mwanzoni alikataa.

"Mimi nitafungua mfereji, Mama Sheryl. Kama vile baba alisema."

"Utamwaga maji ya chai ya watu watano. Gonga tu."

Maji ya visima vya Kitengela yana chumvi. Birika huota ukoko mweupe kwa mwezi mmoja. Lazarus alikuwa ametuambia tuifungue busta kila mwaka akwangue ndani. Kuifungua ni kuimwaga yote, hivyo mwanzoni tuliahirisha, na ukame ulipoanza Nashon akawa anasema, "Ngoja mvua." Miaka mitatu ikapita.

Jumamosi ile Mama Tajeu aligonga, akasikia "du", akawasha. Nilikuwa jikoni na nilisikia pia. Karibu saa moja baadaye lori likaingia. Nashon alifurahi, akapeleka mpira kwenye tangi, kisha akaenda nyuma ya jikoni kuongeza kuni ili aoge. Alikuwa amechuchumaa mbele ya mlango wa moto maji yaliposhuka. Mshono wa pipa ulifunguka upande wake. Sitaandika zaidi ya hapo.

Tulimzika kwao Ugenya. Tuliporudi Kitengela, shemeji yangu Ojwang, mdogo wake Nashon, alikwenda moja kwa moja kituo cha polisi na kusema mfanyakazi amemuua ndugu yake kwa uzembe. Mama Tajeu alichukuliwa Jumatatu. Alijieleza kwamba aligonga kama alivyofundishwa. Hawakumwamini, na mimi sikusema neno. Niliogopa mama mkwe. Niliogopa watoto kuchukuliwa.

Jumatano Lazarus alikuja kuiangalia busta. Aliichungulia pale ilipopasuka, akaingiza mkono na kutoa kipande cha ukoko kinene kama kidole.

"Ilikuwa kavu, mama. Ona chuma kimeiva kwa moto."

"Lakini iligongwa," nikasema. "Ilisema imejaa."

Lazarus aliokota chuma na kuipiga. Pipa lile lililopasuka, lisilo na tone la maji, likasema "du".

"Imevaa blanketi la chumvi," akasema. "Hii haiwezi kulia tena. Nani aliwaambia mgonge?"

Ojwang alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Ni mimi, shemeji," nikamwambia. "Nilimzuia Mama Tajeu kufungua mfereji. Yeye alitaka kufungua."

"Nyamaza."

"Nakwenda kuwaambia polisi."

"Caren, nyamaza! Nyumbani wamelia wamemaliza. Wako na mtu wa kulaumu. Unataka nimwambie mama ni mke wa Nashon?"

"Mwambie."

"Mwambie wewe. Huyo Mmaasai ni nani wako?"

Nilivaa viatu, nikaondoka kwa miguu. Kituoni polisi aliandika maelezo yangu, akaniuliza mara mbili kama nina akili timamu, kisha akasema hapo hakuna kesi, ni ajali. Mama Tajeu alitolewa saa kumi jioni. Alikuwa ameshika viatu mkononi.

"Mimi niligonga vile ulinionyesha," akasema.

"Najua, Mama Tajeu."

"Ulijua hata Jumatatu?"

"Nilijua."

"Basi mbona ulingoja?"

Nilitaka kusema habari za mama mkwe na watoto, lakini yeye pia alikuwa na watoto, na walikuwa wamelala siku mbili bila mama. Alivaa viatu vyake, akavuka barabara na kusimama upande wa magari ya Kajiado. Hakurudi kwangu hata kuchukua nguo zake. Nilizituma Mashuuru kupitia mtu wa kanisa.

Mama mkwe nilimwandikia barua kwa mkono wangu, nikieleza yote. Haikujibiwa. Ojwang alikuja mwisho wa mwaka, akasimama nje ya geti, akasema watoto wanatakiwa nyumbani kwa sikukuu.

"Na mimi?"

"Wewe hujaitwa."

Hiyo ilikuwa miaka saba iliyopita. Kila Desemba Sheryl na Melvin huenda Ugenya na baba yao mdogo. Mimi hubaki Kitengela.