Kigae Ndani ya Bitana

Uvumi huo uliingia katika chumba cha kushonea cha Mama Kufuli ukiwa umebebwa na msusi wa mlango wa pili, aliyekuja kupunguziwa gauni kiunoni. Alisimama mbele ya kioo, pini zimemzunguka, akaambiwa asipumue sana. Lakini mtu anaweza kubana pumzi na bado mdomo ukafanya kazi.

"Shoga, si ulisema binti yako anakwenda kwenye ile ziara ya magofu?"

"Anakwenda. Ziara ya masomo. Nchi tatu."

"Mh."

Hiyo "mh" ndiyo iliyomponza. Mama Kufuli alitoa pini mdomoni akauliza kuna nini.

"Mimi sisemi kitu. Ila kuna msichana mmoja, mteja wangu anamjua mama yake kabisa, alikwenda huko huko kwenye makaburi ya watu wa kale. Akashika jiwe. Kurudi, anaitwa jina lake haitiki, anatazama ukuta tu. Siku moja wakamwita kwa mzaha, 'Malkia!' Akageuka upesi, akasema, 'Nani ananiita?'"

"Uongo!"

"Haya, ni uongo. Wanasema wafu wale hawana tena wa kuwalilia, ukoo mzima umekwisha. Basi wanavizia mgeni asiye na wenyewe, wanamfanya wao. Nipunguzie na hapa kwapani."

Msusi alilipa akaondoka na gauni lake. Uvumi ukabaki.

Mama Kufuli hakuwa mjinga, tusimwonee. Alimaliza shule ya msingi na alisoma vizuri, hata yale maandishi madogo kwenye karatasi ya dawa ambayo wenzake huyatupa na kasha. Tabu yake ilikuwa hapo hapo. Palipoandikwa "madhara yanayoweza kutokea" yeye alisoma kama ratiba: kizunguzungu asubuhi, vipele mchana. Jina la Kufuli alipewa mtaani kwa sababu hata kabati la vikombe alilifunga, na funguo zote alizining'iniza kiunoni, akitembea unamsikia kabla hujamwona.

Binti yake wa mwisho, aliyeitwa na wote Kitinda, alikuwa mwaka wa pili chuoni akisoma mambo ya kale. Ziara ile ilikuwa ya nchi tatu, lakini moyo wake ulikuwa kwenye ile ya tatu. Huko kuna mji mzima uliofukiwa na mchanga, na kila mwanafunzi angepewa mraba wake mdogo, umezungushiwa kamba, aufukue mwenyewe kwa mwiko na brashi. Aliyeufanyia vizuri mraba wake ndiye angechukuliwa kuendelea na fani hiyo. Kitinda aliuzungumzia mraba ule kama wasichana wengine wanavyozungumzia harusi.

"Mwanangu, huko usiguse kitu," mama yake alimwambia wakati wa kula.

"Mama, somo lenyewe ni kugusa."

"Basi guseni kwa macho."

"Tunavaa glavu, mama."

"Glavu za kuzuia nini? Vijidudu, au watu?"

Baba mtu, ambaye ni fundi saa na alikuwa hajaondoa lenzi yake jichoni, alicheka ndani ya glasi ya maji. "Mke wangu, hao watu walikufa kabla saa hazijabuniwa. Wangekuwa na haraka ya kumchukua mtu, wangeshamchukua."

"Wewe cheka. Mtoto akirudi anatazama ukuta, utamtengeneza kwa bisibisi?"

Akawa hali vizuri, halali vizuri. Akapima suruali ya mteja akaandika urefu mahali pa kiuno, na yule mteja akapata suruali ambayo angeweza kuivaa na jirani yake kwa pamoja. Hapo ndipo alipojiambia kwamba lazima atafute njia. Akakaa, akalipanga jambo lile kama anavyopanga kitambaa kabla ya kukata. Kama wafu wa kale wanachukua mtu asiye na wenyewe, basi dawa ni mtoto kwenda na ushahidi kwamba anao wenyewe. Tena wafu wenye nguvu, wanaojulikana.

Chini ya mguu wa meza ya cherehani kulikuwa na kigae cha chungu, cheusi kwa masizi. Chungu kilikuwa cha bibi yake mzaa mama, mwanamke aliyeogopwa na wakwe, majirani na hata ng'ombe. Kilipovunjika, kipande kimoja kikapata kazi ya kuizuia meza isiyumbe. Mama Kufuli alikichomoa, akakipangusa kwa pindo la khanga, akaweka boksi lililokunjwa mahali pake.

Kitinda alipokwenda kuchanjwa, mama akaingia kazini. Mtoto alikuwa anakingwa begani. Yeye akaona amkinge upande wa begi. Akaligeuza begi ndani nje, akafumua bitana kwa wembe, akakivingirisha kigae kwa pamba kisigonge, akakifunika kwa kitambaa cha rangi ile ile, kisha akarudisha mshono wa kificho, sindano ikipita katika matundu yale yale ya zamani. Alipomaliza alipitisha kidole na hakujua pameanzia wapi. Katika maisha yake ya ufundi hakuwahi kushona kazi safi kama ile, na ilimuuma kidogo kwamba hapakuwa na wa kumwonyesha.

Uwanja wa ndege wa nyumbani, begi likapita kwenye mashine bila neno. Mama Kufuli, nyuma ya kioo cha wasindikizaji, akaona hiyo ni ishara njema.

Nchi ya kwanza ilikuwa ya makaburi makubwa kama milima. Kitinda alipiga simu kila siku, na kila siku alifanyiwa mtihani.

"Kitinda!"

"Abee, mama."

"Kitinda!"

"Mama, si nimeitika?"

"Itika tena. Haya. Malkia!"

"Nani?"

Mama Kufuli akashika ukuta. "Mbona umeitika?"

"Nimeuliza nani, mama! Malkia yupi? Unaumwa?"

Nchi ya pili, waliyoifikia kwa basi lisilokaguliwa, ilikuwa ya hekalu lisilo na paa, nguzo tupu zimesimama juani. Kitinda alituma picha akiwa amekaa kivulini mwa nguzo, anacheka. Mama aliivuta picha ile ikawa kubwa, akaangalia macho. Yalikuwa macho yale yale. Akawaambia wateja kwamba dawa inafanya kazi, bila kusema ni dawa gani.

Kitu ambacho hakukijua ni kwamba nchi zenye magofu haziogopi sana mgeni anachoingia nacho. Zinaogopa anachotoka nacho. Siku wanafunzi walipokuwa wakiondoka kwenda nchi ya tatu, mashine ya pale uwanjani ikaona ndani ya bitana ya begi la Kitinda kitu kigumu, kimepinda, chenye umbo la ubavu wa chungu. Afisa akalipapasa begi. Hakuona mshono. Akaita mwenzake, naye hakuona. Wakamwita mkubwa wao, mwanamume mwenye miwani ya kamba, akaleta taa, akaukuta uzi, akatikisa kichwa kwa heshima. Alisema amekaa kazini hadi mvi zimemtoka na hajaona magendo yaliyofichwa kwa ustadi kama huo.

Bitana ikachanwa. Kigae kikawekwa mezani.

Kitinda alikitazama kama kitu cha mtu mwingine, maana hakujua kwamba alikuwa nacho. Mhadhiri aliyeongoza ziara alikitazama kigae, akamtazama Kitinda, na namna alivyomtazama ndiyo iliyomliza binti yule. Halafu Kitinda akayaona yale masizi. Akakumbuka meza ya cherehani.

"Mpigieni mama yangu," alisema.

Simu ikawekwa wazi ili wote wasikie. Mhadhiri ndiye aliyekuwa akifasiri.

"Shikamoo, mama. Mimi ni mwalimu wa Kitinda."

"Marahaba, mwalimu. Mtoto anaitika?"

"Anaitika, mama. Tuko na maafisa hapa. Wamekuta kigae kwenye begi. Wanauliza ni kitu gani."

Sasa hapa, mama mwenzangu unayesoma, tulia uone jinsi mdomo unavyoweza kumfunga mtoto. Mama Kufuli alidhani anaulizwa na watu waliotaka kukidharau kigae cha bibi yake. Akakaa sawasawa kwenye kiti.

"Mwalimu, hicho si kitu cha mchezo. Hicho ni cha kale!"

Mhadhiri akaisogelea simu. "Mama, labda ulitaka kusema ni cha zamani kidogo. Cha nyumbani."

"Cha kale, nimesema! Cha wafu wetu. Waambie kina nguvu kuliko vyao vyote."

Afisa aliuliza mama anasemaje. Neno hilo moja alikuwa amelisikia linarudiwa, akataka kujua maana yake. Kwa bahati mbaya mhadhiri alikuwa mtu mkweli.

"Anauliza nani alikificha," alisema mhadhiri, sauti imeshuka.

"Mimi! Nimeshona kwa mkono wangu. Na waambie wasingeuona mshono wangu bila taa."

"Mama," Kitinda alisema. "Mama, nyamaza."

Alikuwa hajawahi kumwambia hivyo tangu azaliwe. Mama Kufuli akanyamaza, na ndani ya ule ukimya ndipo alipoanza kuelewa.

Wanafunzi wenzake waliruka na ndege ile. Kitinda alibaki na msaidizi wa mhadhiri katika chumba chenye viti vya plastiki na picha ya hekalu ukutani, wakimngoja mtaalamu wa serikali aliyekuwa harusini. Alipokuja alikipima kigae, akakikwangua, akakiangalia kwa lenzi, akaandika kwamba ni kipande cha chungu cha kupikia, cha juzijuzi, chenye masizi na mabaki ya uji ulioungua. Hakina thamani yoyote. Kikarudishwa ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na samahani ya maandishi.

"Hakina thamani?" Mama Kufuli alifoka aliposomewa habari hiyo. "Bibi yangu?"

"Mshukuru bibi yako," alisema baba mtu. Safari hii hakucheka. "Angekuwa na thamani, mtoto angefungwa."

Lakini ruhusa ya kuingia mji wa mchangani ilikuwa ya kundi, na kundi lilikuwa limeshaingia. Mlango ukafungwa. Kitinda akarudishwa nyumbani.

Mama Kufuli alimpokea kwa kumshika mashavu na kumgeuza huku na huku. Mtoto alikuwa mzima, hana hata kikohozi. Alichokiomba usiku na mchana amekipata: binti yake amerudi, tena mapema kuliko wote. Akampikia, akamtandikia. Kitinda alikula kidogo, akasema asante, akaketi kutazama ukuta.

Mama akavumilia, akavumilia, wiki mbili zikapita, mwisho akauliza, "Na ule mraba wako?"

"Alipewa mwenzangu."

"Akakuta nini?"

"Sindano."

"Sindano?"

"Ya mfupa. Ya kushonea. Mhadhiri anasema ni ya mwanzo kupatikana katika mtaa ule wa mji. Inaonekana palikuwa na chumba cha fundi."

Mama Kufuli aliweka chini kitambaa alichokuwa akikipindia. Tangu uvumi ule uingie, hii ilikuwa mara yake ya kwanza kuwafikiria watu wale wa kale kama watu: mwanamke ameinama, uzi mdomoni, anagombana na mteja juu ya kiuno.

"Tundu lake liko vipi?" aliuliza. "La mviringo au refu? Maana kama ni refu, basi walikuwa wanatumia uzi bapa."

"Sijui, mama," Kitinda alisema. "Sikuiona."

Ilibidi arudie somo lile. Mwaka uliofuata nafasi ikatoka, na Mama Kufuli akangoja aambiwe tarehe. Alikwisha kujiandaa kuwa mtulivu, alifanya hata mazoezi. Asubuhi moja akapeleka chai chumbani, akakuta kitanda kimetandikwa. Baba mtu alikuwa mezani kwake, ameinamia saa iliyofunguliwa, na hakuinua kichwa.

"Ameondoka alfajiri. Nimemsindikiza mimi."

"Bila kuniaga?"

"Amesema nikuambie akishafika."

Basi, wazazi wenzangu ambao watoto wenu watakwenda ziara za namna hii, yaepukeni haya:

Kuweka kitu chochote katika begi la mtoto bila yeye kujua, hata kiwe chumvi, hata iwe sala iliyoandikwa.

Kushona kitu ndani ya bitana. Ukishona vibaya ni aibu, ukishona vizuri ni kesi.

Kumjibu afisa swali ambalo hujalielewa.

Kusema "cha kale" uwanja wa ndege. Sema "kikuukuu", au usiseme kabisa.

Kumwita mtoto majina ya kumjaribu kwenye simu. Anakuona wewe ndiye mgonjwa.

Habari ya mtu anayejulikana na mteja wa mtu.

Kuuliza kila siku kama yuko salama, bila kuuliza hata mara moja ameona nini.