Mpira Uliopimwa Mkononi

Siku walipokwenda kuchagua mpira wa kufungia damu walicheka mno. Kicheko kilianzia dukani kwa Mwinjuma, mjini Sumbawanga, kikapanda nao kwenye lori la Halfani, kikarudi nao hadi kijijini kwao Msanzi wakiwa wameketi juu ya magunia ya chumvi, wakifuta machozi kwa ncha za kanga.

Kalista ndiye aliyetumwa, pamoja na jirani yake Emerensiana. Kalista alikuwa mke wa Modesti, na Modesti alikuwa mkongeni Tanga kwa mkataba, kwa hiyo yeye na mtoto wao mchanga, Albina, walikaa kwa wakwe. Jioni, kazi za mchana zikiisha, alimfunga mtoto mgongoni akaenda kwenye kibanda cha kanisa ambako Bibi Margareth, mkunga, aliwafundisha wanawake kusoma. Walipoweza kusoma aliwaongezea mambo mengine: kuchemsha maji, kuosha kidonda, kuzuia damu. Msimu uliopita mtu wa kijiji cha pili alikatwa na mundu, damu ikamwishia njiani huku watu wamembeba. Ndipo wanawake wakakubaliana wawe na mkebe wao wa bati wa huduma ya kwanza, uende kila mahali watu wanapoalikana kulima.

Mwinjuma aliwatolea vifungio vya namna mbili. Cha kwanza kilikuwa mkanda mpana wa turubai, mabaki ya vita, wenye kijiti cha shaba cha kuzungushia mpaka ukaze. Cha pili kilikuwa mpira mwekundu, mwembamba, wenye kulabu ya chuma. Ukiukunja unaenea kiganjani kama yai la kanga. Bati lao lilikuwa la biskuti, na tayari lilikuwa na pamba, bendeji, mkasi na chupa ya aidini. Waliupachika mkanda wa askari humo, kifuniko kikakataa kufunga. Waliuweka mpira, kikafunga bila ubishi.

Mwinjuma akasema kwake yote ni sawa, ila wasichague kwa macho tu, wapime. Basi wakampima Emerensiana, juu kidogo ya kiwiko. Mpira ukavutika, kulabu ikashika, vidole vikaanza kupauka mpaka Emerensiana akaomba afunguliwe, maana ule ulikuwa mkono, si kuni.

"Mkono umekubali," Mwinjuma akasema. "Na mguu je?"

Benchi la mlangoni lilikuwa limejaa wanaume wanaongoja lori. Emerensiana akakaza kanga kiunoni.

"Mguu wa nani, Bwana Mwinjuma? Kapime wa mkeo, si yuko humo ndani?"

Kulsumu, mke wa Mwinjuma, akajibu kutoka nyuma ya pazia kwamba miguu yake haiuzwi dukani. Wanaume benchini wakaangua kicheko, Mwinjuma akainamia mizani yake kwa haya, na mpira ukafungwa kwenye karatasi. Ni mwanamke gani wa Ufipa angepandisha nguo hadi pajani, mchana kweupe, mbele ya benchi la wanaume? Hata kulifikiria tu lilikuwa jambo la kuchekesha. Kalista mwenyewe aliurudisha ule mkanda mpana mezani. Alikuwa mtu wa kubeba mtoto mgongoni, jembe begani na chungu kichwani. Kitu kidogo kilikuwa rehema kwake.

Sasa Mzee Felisiani, baba yake Modesti, alialika watu kwenye shamba lake jipya. Wanaume walikuja na majembe yao ya mpini mrefu, wakajipanga mstari, wakawa wanageuza majani na udongo kuwa matuta ya duara, bega kwa bega, wakiimba na kutaniana. Pembeni wanawake walikuwa na vyungu vya pombe ya ulezi na sufuria kubwa la ugali. Kalista aliliweka bati chini ya kikapu, akaendelea kusonga.

Katikati ya shamba kilibaki kisiki kilichomsumbua mzee. Kijana mmoja jirani akachukua shoka kukata mzizi, na Mzee Felisiani akasimama upande wa pili akiukandamiza kwa mguu ili usicheze. Shoka likapiga jiwe lililojificha udongoni, likaruka.

Hapakuwa na ukelele. Kilichomfanya Kalista ainue kichwa ni wimbo kukatika. Aliona mstari wa wanaume umesimama na majembe hewani, na baba mkwe wake anaketi chini polepole, kama mtu aliyechoka tu, akiliangalia paja lake. Kaptula yake ya kaki ilikuwa imegeuka rangi. Damu haikuwa ikichuruzika. Ilikuwa ikiruka, ikipumzika, ikiruka tena, kama kitu chenye uhai wake.

Kalista alifika na bati mkononi kabla hajajua kwamba amekimbia. Kisha miguu ikagoma. Katika nyumba ile mkwe alikuwa na mpaka wake. Tangu aolewe hakuwahi kumpa baba mkwe kitu mkono kwa mkono. Chakula alikiweka chini, mama mkwe wake Adela akakichukua na kukifikisha. Akimsalimu shikamoo alipiga magoti mbali, macho ardhini. Na sasa jeraha lilikuwa pajani, juu kabisa, pale ambapo hata macho yake hayakuwa na ruhusa.

Eustaki, mdogo wake mzee, alimwona anasita. Akasema kwa upole, si kwa ukali, kwamba mkwe asimguse, aitwe Bibi Margareth. Mtu akajibu kwamba Bibi Margareth amekwenda kuzalisha ng'ambo ya mto tangu alfajiri.

Kalista akafanya lile alilodhani litamridhisha Mungu na wazee pia. Alifungua bati, akautupa mpira kwa Eustaki, akageuka akawapa mgongo. Akaanza kuwaelekeza akiwa hivyo, uso wake ukitazama vyungu vya pombe: wafunge upande wa juu, kuelekea kiunoni, si juu ya kidonda chenyewe, wauvute sana, waipachike kulabu. Sauti yake ilikuwa shwari kuliko yeye mwenyewe. Nyuma yake alisikia wanaume wakihema, wakisukumana, wakisema vuta, vuta tena.

"Haufiki," Eustaki akasema.

Aliwaambia wavute zaidi, unavutika huo, yeye ameuona ukivutika. Kisha akasikia sauti kama ya fimbo kavu inayovunjwa, na Eustaki akaguna. Mpira ulikuwa umekatika na kumcharaza shavuni.

Hapo ndipo jambo lilipomwingia. Waliupima mkononi, tena mkononi mwa mwanamke. Paja la mwanaume aliyelima maisha yake yote lilikuwa mara tatu ya mkono ule. Dukani wao walicheka, na huku mzee alikuwa anakwisha nyuma ya mgongo wake, naye bado ameuelekeza uso kwenye vyungu, eti ni adabu.

Akageuka.

Kalista hakuwahi kumsimulia mtu jinsi alivyomwona Mzee Felisiani. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Kalista alimtoa Albina mgongoni, akampa Emerensiana, na mbeleko ile ile, ingali na joto la mtoto, akaikunja mara mbili iwe pana. Akapiga magoti kwenye udongo uliolowa. Eustaki akataka kusema neno. Adela, mke wa mzee, ambaye mpaka wakati huo alikuwa amesimama kama nguzo, akamshika shemeji yake mkono.

"Mwache," akasema. "Heshima nitaizika mimi. Mume sitaki kumzika."

Kalista aliizungusha mbeleko pajani, juu ya jeraha, akapiga fundo moja. Alihitaji kijiti. Alinyoosha mkono bila kutazama, na mtu akamtilia mkononi mwiko wa ugali, ungali na unga. Akauweka juu ya fundo, akafunga fundo la pili, akaanza kuuzungusha mwiko. Mzee alitoa sauti ambayo Kalista hakudhani kwamba mtu mzima anaweza kuitoa. Akazungusha tena. Damu iliruka, ikaruka kidogo, ikatweta. Kisha ikasimama.

Yule kijana jirani alikuwa ameketi kwenye tuta, shoka miguuni.

Wakamlaza mzee juu ya kitanda cha kamba wakambeba hadi barabarani, na bahati ilikuwa upande wao kwa kuwa Halfani alikuwa anapakia mahindi. Halfani hakuuliza maswali. Aliamuru magunia yashushwe, akawaambia wapande, akaendesha lori lile kana kwamba limebeba mayai. Kalista hakuweza kuuachia mwiko. Alijaribu kuufunga kwa bendeji, lakini kila lori lilipotikisika ulitaka kujirudisha, naye akaona kitambaa kinaanza kulowa. Basi akaushika kwa mikono miwili. Baridi ya Ufipa ilikuwa ikipiga, Adela akamfunika mume wake blanketi, na mikono ya Kalista ikabaki humo ndani ya blanketi, juu ya paja la baba mkwe wake, mbele ya Eustaki na nusu ya kijiji. Uso wake uliwaka moto. Aliuinamisha mpaka kidevu kikagusa kifua, lakini vidole havikulegea.

Karibu na mji mzee akafumbua macho. Alitazama mawingu, akatazama watu.

"Nani amenishika?"

Adela akauingiza mkono wake chini ya blanketi, akaulaza juu ya mikono ya mkwe wake.

"Ni mimi, mume wangu," akasema. "Lala."

Mzee akafumba macho. Kalista alimtazama mama mkwe wake, na huyo hakumtazama. Alikuwa amelikazia macho blanketi kama mtu anayehesabu nyuzi. Ingeweza kuishia hapo. Watu wa Msanzi wangeulinda uongo ule kama wanavyolinda mbegu, na Kalista angerudi kuweka chakula chini na kupiga magoti mbali.

Hospitalini tabibu aliwapokea uwanjani. Alifunua blanketi, akaona mbeleko, akaona mwiko, akakunja uso, si kwa hasira bali kwa kufikiri. Akauliza ni nani aliyefunga na alifunga saa ngapi.

Adela akafungua mdomo. Akasema ni yeye. Kuhusu saa, akababaika: labda asubuhi, labda baadaye, watu walikuwa na hofu.

Tabibu akauliza tena, polepole, kama anavyosema mtu ambaye jibu lina kazi kwake. Mguu uliofungwa unakaa bila damu, akawaeleza. Akijua umekaa muda gani atajua namna ya kuufungua na kama bado unaokoleka. Asipojua atabahatisha, na kubahatisha mguu wa mtu si kitu anachopenda.

Kalista aliyasikia maneno hayo kutoka mbali. Mzee alikuwa amefumbua macho, yuko macho kabisa, uso wake mkavu umewaelekea. Kalista akafikiria mguu ule umebaki kwenye ndoo, kwa sababu tu yeye aliona haya, kama walivyoona haya dukani.

"Ni mimi niliyefunga," akasema. "Mimi mkwe wake. Nilifunga ugali ulipokuwa unaiva, jua halijafika utosini. Fundo halijafunguliwa hata mara moja. Mikono hii haijatoka hapo."

Tabibu akalitazama jua, akatikisa kichwa kukubali, akasema basi bado wana nafasi. Akawaita wasaidizi wake. Akachukua mkanda wake mwenyewe, akaukaza juu zaidi, akamwambia Kalista sasa aachie.

Kalista alitaka kuachia. Aliviambia vidole viachie, vidole havikusikia. Vilikuwa vimeganda kwenye mwiko, vyeupe, kama si vyake. Tabibu akasema tena. Msaidizi mmoja akajaribu kuvifungua, akashindwa, na hapo ndipo machozi yalipomtoka Kalista, bila sauti, yakiangukia blanketini, kwa sababu aliona anawachelewesha na hakuweza kujisaidia.

Mkono ukatokea kutoka upande wa kichwani. Ulikuwa mkono wa mkulima, wenye sugu. Mzee Felisiani hakumtazama mkwe wake. Macho yake yalikuwa angani, adabu yake yote akaiweka huko. Lakini kwa kupapasa aliufikia mkono wa Kalista, akashika kidole cha kwanza, akakiinua. Akashika cha pili.

"Achia, mwanangu," akasema. "Wamekwisha kunishika."

Mwiko ukaanguka chini, wakamwingiza ndani.