Busu la Stesheni ya Breslau

Kikohozi kikavu kilitoka viti vya nyuma darasani, mara mbili, nikiwa katikati ya ukurasa wa kuagana. Sikuinua macho. Niliendelea kusoma kwa madaha: msichana Grete anamkumbatia mama yake stesheni ya Breslau, Ujerumani, anambusu, kisha anapanda treni ya watoto wa Kiyahudi wanaokimbizwa Uingereza kabla ya vita.

Watoto wa shule yetu ya Kiyahudi ya Jumapili, hapa kaskazini mwa London, walipiga makofi. Kichwa kikanivimba. Uandishi nilijifunza peke yangu, na kitabu hiki, changu cha kwanza, sikukubali mtu akiguse. Bi Trude, ambaye nilikuwa nimeandika maisha yake, aliomba akisome kabla hakijachapwa. Nikamjibu apike keki zake, uandishi aniachie mimi.

Kumbe ndiye aliyekohoa.

Tirza, wa miaka tisa, akamgeukia. "Bibi, Grete ni wewe, sivyo? Kweli ulimbusu mama?"

"Nilimbusu."

"Mashavu yote mawili?"

"Yote. Na pua nikamwongeza."

Wakaangua kicheko, wakakimbilia juisi ukumbini. Nikamwendea nikitabasamu. "Umeona walivyofurahi, Bi Trude?"

"Acha kujishaua, Gershon. Sikumbusu mama."

Nikavuta kiti, nikaketi kando yake.

"Sanduku lilijaa, akanivalisha magauni mawili, moja juu ya jingine. Wenzangu wakanicheka. Aliponiinamia anibusu, nikageuza uso. Sikumwona tena, Wanazi walimuua. Miaka hamsini na minane busu lile linanikaba hapa. Wewe umeligawa kama peremende."

"Sasa mbona hukuwaambia?"

"Nikuumbue mbele ya watoto? Aibu nimeizoea. Nikaona nibebe na yako."

Nilitaka kujitetea kwamba watoto wanahitaji faraja. Lakini mwanamke huyu alikuwa amedanganya juu ya mama yake marehemu ili mimi niendelee kuringa. Nikakilaza kitabu kifudifudi, jina langu likatazama meza.

"Nikiuandika ukweli wenyewe, utaniruhusu?"

"Swali hilo lilikuwa la mwaka jana, mjinga wee." Akajifuta macho kwa kiganja. "Andika. Na magauni yote mawili uyatie."

"Jumapili ijayo nitawaambia watoto kwamba mwongo ni mimi, si wewe. Na ukurasa mpya utausoma wewe kwanza."

"Paza sauti. Sikio hili bovu."

Watoto walikuwa wamejaa mlangoni na bilauri zao. Nikawageukia.

"Sitangoja Jumapili, Bi Trude," nikasema, wote wakisikia. "Nawaambia sasa hivi. Na neno lako sitalibadilisha tena bila kukuuliza. Naahidi."